Tanbihi ya Arobaini na Tatu

Alikuja dirishani kwangu saa nane, theluji mabegani,
Leelo Kivisaar, mwaka wa tatu, jiografia,
akaniuliza kama namba huweza kuwa yatima.

Miaka ishirini na sita nakaa dirisha hili, hapa Tartu,
naazima vitabu kutoka miji nisiyoijua.
Nimeulizwa choo kiko wapi,
nimeulizwa nuktambili hukaa kabla ya mwaka au baada yake.
Hilo la yatima, bado.

Namba yenyewe: themanini na saba.
Sentimita. Unene wa barafu ya ziwa
majira ya baridi ya mwaka ule wa njaa.
Kila aliyeandika juu ya ziwa lile ameiandika
bila kigugumizi, kama mtu atajaye jina la mamaye.

Tukaanza kurudi kinyumenyume.
Makala ya elfu mbili na kumi na moja: tazama ya tisini na nne.
Ya tisini na nne: tazama ya sitini na nane.
Ya sitini na nane tukaiagiza Riga,
ikachukua siku kumi na moja, ikaja inanuka moshi,
ukurasa umetafunwa pembeni na panya, au na mwanazuoni,
na chini kabisa, kwa herufi za kuumiza macho:
*kwa mujibu wa daftari la mwalimu wa Kaldaküla.*

Msimamizi wake akamwambia, inatosha,
nukuu ile ya tisini na nne, usonge mbele,
lisemwalo lipo.
Sikutaka kubishana na daktari wa falsafa.
Nilimwuliza binti tu: wewe umeliona?

Maana hao watatu wote walikuwa wakweli.
Hakuna aliyeiba. Kila mmoja aliweka mabano yake,
jina, mwaka, ukurasa, nukta mahali pa nukta.
Uzi ulikuwa safi;
hakuna aliyeufuata hadi kwenye sindano.

Jumanne akapanda basi kwenda hifadhi ya wilaya.
Nilimpa penseli mbili, wino kule hawauruhusu,
nikamwambia aandike namba ya sanduku kabla hajalifungua,
kwani furaha husahaulisha.

Alirudi na picha. Daftari la kijani, mwandiko mwembamba,
mwalimu Hildegard Pärnamets, kila Jumamosi:
barafu, upepo, idadi ya watoto waliofika.
Arobaini na mbili. Hamsini na tano. Sitini na nane.
Kisha Jumamosi ile:
*Leo sikupima. Fimbo ya kupimia tumeichoma juzi.
Osvald asema inafika themanini na saba.
Watoto: wanne.*

Osvald ni nani? akauliza Leelo.
Nikafungua kila faharasa niijuayo.
Osvald hana mwaka, hana mchapishaji.
Pengine alikuwa mwongo.
Pengine alitoboa barafu kwa shoka, akalala kifudifudi,
akapima kwa shibiri, nne zisizotimia,
mkono umelowa hadi kwapani,
akaenda kumwambia mwalimu kwa meno yanayogongana.
Hilo nalo siwezi kulinukuu. Nimelitunga sasa hivi.

Basi tukaketi kuandika. Nilimwambia
andika ulichokiona na ulikokiona,
na macho yalipoishia, nawe uishie hapo.

Msimamizi alilalamika kwamba tanbihi ni ndefu
kuliko aya inayoitegemea. Kweli.
Mistari tisa, niliihesabu.
Akamkata alama mbili za mpangilio.

Tasnifu iko rafu ya juu, ghorofa ya tatu,
na hadi leo haijaazimwa na mtu.
Mimi huishusha nikifuta vumbi,
nikaisoma ile ya arobaini na tatu hadi mwisho,
pale alipoongeza bila kuniuliza:

*Watoto waliofika siku hiyo ni wanne.
Hao mwalimu aliwahesabu mwenyewe.*